Mwambieni Mama Aliko Mwanawe

Ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, jua halijachomoza, wakati mama mmoja jirani yangu alipobisha hodi nyumbani kwangu katika mtaa wa Lemon Gaba, hapa Juba. Mkononi alibeba sufuria ndogo ya asida iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Mwanawe, kijana wa miaka 19, alikuwa amekamatwa usiku wa Ijumaa na askari waliokuwa doria. Tangu hapo mama yule alikuwa amekwisha kwenda katika vituo vitatu, na katika kila kituo aliambiwa neno lile lile: "Hayupo hapa, mama, jaribu kwingine." Asida aliyoipika Jumamosi ilichacha. Ya Jumapili nayo ilichacha. Hiyo aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya tatu.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe huvaa nguo kama zao. Sikuombi umtoe. Kama amekosa, na ajibu. Nataka kujua aliko tu."

Nilivaa sare yangu, tukaenda pamoja. Katika kituo cha pili tulichokifikia, koplo wa zamu alinipigia saluti, akafungua daftari, na kabla ya dakika tatu kupita akaliona jina. Kijana alikuwamo humo tangu Ijumaa usiku. Alikuwa ameandikwa kwa jina lake la ubatizo na jina la babu yake, ilhali mama alikuwa akimwulizia kwa jina la nyumbani. Mama huyo alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile Jumamosi asubuhi. Sidhani kwamba alidanganywa kwa makusudi. Yule aliyekuwa zamu siku hiyo hakuona tu haja ya kulifunua daftari kwa ajili ya mwanamke mwenye sufuria.

Sina la kusema juu ya shtaka la kijana huyo. Baadaye alifikishwa mbele ya hakimu, na sheria ikafuata mkondo wake. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo nataka kuliweka mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi wao ni askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza: Kwa nini ilihitajika saluti ndipo daftari lifunguke?

SHERIA IMEKWISHA SEMA

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba jambo ninalolizungumzia si hisani ambayo askari mwenye moyo mwema humfanyia mwananchi akipenda. Katiba ya Mpito ya nchi yetu ya mwaka 2011, katika ibara ya 19, imeagiza kwamba mtu anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake. Imeagiza pia kwamba mtu aliyeshikwa na polisi kwa ajili ya upelelezi asikae mikononi mwao zaidi ya saa 24. Ama aachiwe kwa dhamana, ama afikishwe mahakamani. Kijana wa jirani yangu, tulipomwona asubuhi ile ya Jumatatu, alikuwa amekwisha kuzipita saa hizo mara mbili na zaidi.

Aidha, ziko kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya namna ya kuwatendea wafungwa. Kanuni hizo zilitungwa Geneva mwaka 1955, kisha zikatengenezwa upya na kupitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 2015, nazo zikapewa jina la Nelson Mandela. Kanuni ya 68 inasema kwamba kila mfungwa ana haki ya kuwaarifu jamaa zake mara moja kwamba amefungwa, au amehamishwa gereza, au amepatwa na ugonjwa mkubwa, na kwamba apewe njia ya kufanya hivyo. Kanuni ya 58 inampa ruhusa ya kuandikiana na jamaa zake na kutembelewa nao kwa nyakati za kawaida, chini ya uangalizi unaopasa. Na kanuni ya 43 inakataza kumwadhibu mfungwa kwa kumkatia mawasiliano na jamaa zake; mawasiliano hayo yaweza kupunguzwa kwa muda mfupi tu, pale usalama na utaratibu wa gereza unapodai hivyo.

Hao waliozipa kanuni hizo jina la Mandela hawakulichagua jina hilo kwa bahati nasibu. Alipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964, Mandela aliwekwa katika daraja la chini kabisa la wafungwa. Ruhusa yake ilikuwa barua moja na mgeni mmoja katika kila miezi sita. Mama yake alifariki mwaka 1968, na mwanawe mkubwa, Thembi, akafa katika ajali ya gari mwaka 1969. Baba na mwana huyo hakuruhusiwa kwenda kumzika hata mmoja wao. Wale waliomnyima ruhusa hiyo walidhani wanalinda dola. Dola yao imekwisha kuondoka, na kitu kinachokumbukwa ni kwamba mtu alinyimwa kumzika mama yake.

HATA ADUI HUANDIKA NYUMBANI

Huenda askari mwenzangu akasema kwamba hayo ni mambo ya polisi na magereza, na kwamba sisi wa jeshi tuna sheria zetu. Ni kweli tunazo. Basi na tuziangalie.

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, ambao nchi yetu imeukubali, unahusu mateka wa vita. Ibara ya 70 inaagiza kwamba kila mateka, mara tu anapotekwa, au asizidi juma moja baada ya kufika kambini, hata kama ni mgonjwa, awezeshwe kuwaandikia jamaa zake kadi ya kuwajulisha kwamba ametekwa, mahali alipo na hali ya afya yake. Ibara ya 71 inaongeza kwamba, ikibidi kuweka kikomo, mateka asipungukiwe na barua mbili na kadi nne kila mwezi.

Tuyatafakari maneno hayo. Mtu huyu jana alikuwa akitulenga bunduki. Pengine ameua rafiki zetu. Hata hivyo sheria ya vita, ambayo iliandikwa na watu waliotoka katika vita kubwa kuliko zote, inamwambia kamanda: mpe kadi, aandike nyumbani, na usipitishe juma. Waliouandika mkataba ule walijua kwamba mama wa adui ni mama. Walijua pia kwamba upande utakaowanyima mateka kalamu utanyimwa habari za watoto wake wenyewe waliotekwa upande wa pili.

Sasa, ikiwa adui aliyetekwa na silaha mkononi anastahili kadi katika juma la kwanza, je, mwananchi wetu wenyewe aliyeshikwa kwa ugomvi wa sokoni, au kwa deni, au kwa tuhuma ambayo hakimu hajaisikia, anastahili nini? Sioni namna ambayo mtu aliyesoma mambo haya katika chuo cha kadeti anaweza kujibu kwamba anastahili pungufu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Ndugu msomaji, isidhaniwe kwamba naandika haya kama mtu asiye na lawama. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa luteni-usu niliyetoka chuoni juzi, nilikuwa afisa wa zamu katika kambi moja. Katika kota gadi yetu kulikuwa na askari mmoja aliyeshikiliwa kwa kosa la nidhamu. Mchana, jua la saa nane, mzee mmoja alikuja langoni, miguu imejaa vumbi la safari, akaomba kuonana na askari huyo kwa dakika tano. Siku ile haikuwa siku ya wageni. Nilimwambia arudi Alhamisi. Hakubishana nami. Aliketi chini ya mti mpaka jioni, kisha akainuka akaenda zake, wala hakurudi tena.

Baada ya wiki sita askari yule alifunguliwa. Alipofika kwao ndipo alipojua kwamba mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa, na kwamba mzee yule, ambaye ni mjomba wake, ndiye aliyekuwa ameileta habari hiyo langoni kwetu. Wazee wetu hawaitoi habari ya msiba mbele ya mgeni, wala hawampi mlinzi wa lango aipeleke. Mimi nami sikumwuliza amekuja kwa lipi.

Sikuvunja amri yoyote siku ile. Nilifuata ratiba iliyobandikwa ukutani, na hakuna mkubwa aliyenilaumu. Hata askari mwenyewe hakunilaumu. Alirudi kazini, akapita mbele yangu, akanipigia saluti, akaenda zake. Mpaka leo saluti ile sijaisahau.

Ningalimwuliza neno moja tu, neno ambalo hata mtoto mdogo humwuliza mzee anapofika nyumbani: "Mzee, kwema?" Kwa neno hilo ningalijua. Ratiba ingalipewa nafasi yake, na msiba ungalipewa nafasi yake. Ndiyo sababu leo nasema kwamba zamu ya lango ni kazi ya akili kama ilivyo kazi ya macho.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako watakaosema kwamba mawasiliano ya mahabusu ni hatari kwa usalama. Watasema kwamba ndugu huleta habari kwa washirika wa mtuhumiwa, hupanga naye maneno ya kuharibu ushahidi, na huingiza vitu vya haramu ndani ya mkate. Hoja hii ina uzito, na mtu aliyewahi kusimama lindo anajua kwamba mambo hayo hutokea. Lakini dawa ya mambo hayo inajulikana. Mkate hukatwa vipande mbele ya mleta mkate. Mazungumzo hufanyika mbele ya askari anayeijua lugha yao. Barua husomwa na afisa kabla haijapelekwa. Kanuni nilizozitaja zinakubali uangalizi wa namna hiyo. Wala hakuna upelelezi unaoharibika kwa sababu mama ameambiwa, "Ndiyo, mwanao yupo hapa, ni mzima." Kumficha mtu na kumlinda mtu ni kazi mbili mbalimbali, na sisi tumeajiriwa kwa hiyo ya pili.

Wengine watasema kwamba gereza ni mahali pa adhabu, na kwamba anayetaka kukaa na jamaa zake asitende makosa. Hao wanasahau kwamba si kila aliye nyuma ya nondo amehukumiwa. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2012 juu ya magereza ya nchi yetu ilieleza kwamba karibu theluthi moja ya watu waliokuwamo walikuwa bado hawajahukumiwa. Tena hata kwa yule aliyehukumiwa, hakimu amemnyima uhuru wa kwenda atakako. Hakumnyima mama, mke wala watoto. Askari anayeongeza adhabu yake mwenyewe juu ya ile ya hakimu amejifanya hakimu pasipo kuapishwa.

Ripoti hiyo hiyo ilitaja jambo jingine ambalo sharti tuliseme wazi hapa, maana lina uhusiano mkubwa na habari ya leo. Ilieleza kwamba watu wengine walishikwa kwa sababu tu jamaa yao aliyetafutwa hakuonekana. Mahali ambapo kaka hushikwa badala ya ndugu yake, na mke badala ya mumewe, hakuna jamaa atakayethubutu kuja langoni. Mama atapika chakula, kisha atakaa nacho nyumbani kwa hofu. Mtu hubeba kosa lake mwenyewe. Askari yeyote anayeshika mtu mmoja kwa kosa la mwingine anawafundisha wananchi kuikimbia sare yetu.

Hoja ya tatu ni ya upungufu. Tutaambiwa kwamba kituo hakina simu, hakina karatasi, na askari wa zamu ni wawili kwa mamia ya watu. Najua hali hiyo. Lakini upungufu hauwezi kuwa sababu ya kutolisoma daftari ambalo liko mezani. Orodha ya majina ya walioko ndani yaweza kuandikwa kila asubuhi na kusomwa mlangoni. Siku na saa za wageni zaweza kuandikwa kwa chaki ukutani, kwa lugha ambazo watu wa mtaa wanazifahamu. Karandinga linapompeleka mahabusu kituo kingine au gerezani, koplo aweza kuandika mahali alikopelekwa katika mstari ule ule wa jina lake. Mambo hayo matatu hayahitaji fedha ya serikali.

Tena tujikumbushe kwamba chakula cha jamaa kimekuwa tegemeo kubwa la mahabusu wetu, kwa kuwa bajeti ya kituo mara nyingi haitoshi kuwalisha. Sahani ile inapunguza mzigo wetu. Kwa hiyo askari anayedai "kitu kidogo" ili sahani ipite anaiba mara mbili: kutoka kwa mama maskini, na kutoka kwa mwenye njaa. Wakubwa wa vituo wasilifumbie macho jambo hili. Sahani ya mahabusu haina ushuru.

YALIYOTENDEKA KWA JIRANI ZETU

Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na yapo mambo tunayoweza kujifunza kwa majirani, mazuri na machungu.

Nchini Kenya, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa siasa alioutunga, akatoka mwaka 1972. Humo ndani alitunga mashairi na kuyaandika juu ya karatasi za chooni, nayo yakapigwa chapa mwaka 1973 katika kitabu kiitwacho Sauti ya Dhiki. Leo kitabu hicho ni fahari ya lugha ya Kiswahili. Nakitaja kwa sababu kinatufundisha jambo moja sisi tunaolinda: mtu aliyefungiwa atatafuta njia ya kupeleka neno nje, hata kwa karatasi ya chooni. Ni heri neno hilo lipite mlangoni, mbele ya macho yetu, kuliko kupita mahali tusipopajua.

Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2003, wakati Moody Awori alipokuwa waziri mwenye dhamana ya magereza, milango iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi ilianza kufunguliwa, na waandishi na wananchi wakapata kuona hali ya wafungwa. Baadaye zilianzishwa siku maalumu ambazo watoto huketi pamoja na wazazi wao waliofungwa, wakala nao na kuzungumza nao. Magereza ya Kenya hayakuanguka kwa sababu hiyo.

Na hapa hapa Juba, mwaka 2016, mahakama iliwahukumu kifungo cha maisha Wakenya wanne waliokuwa wafanyakazi wa kampuni moja, katika shauri la wizi wa mamilioni ya dola. Jamaa zao walikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka, lakini hawakunyamaza. Walikwenda kwa serikali yao, wakasema mbele ya waandishi, wakaendelea kuwataja kwa majina mpaka watu hao waliporejea kwao. Miji yetu ina wafanyabiashara na vibarua wengi kutoka Uganda, Kenya, Ethiopia na kwingineko. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyeshikwa haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe. Mama wa Gulu au wa Eldoret hawezi kuja na sufuria langoni. Kwake yeye, simu moja ya afisa wa zamu kwa ubalozi ndiyo mlango pekee alio nao.

WAJIBU WA JAMAA

Baada ya kusema na askari, ni haki kusema pia na jamaa, maana askari nasi tuna jamaa, na wake zetu husomewa ukurasa huu nyumbani.

Kwanza, jamaa anapokwenda kumtafuta mtu wake, aende na majina yote: la nyumbani, la ubatizo au la dini, la baba, la babu, na hata lakabu ya utotoni. Aende na umri wake, mtaa wake, na siku na saa aliyochukuliwa. Aombe kwa adabu daftari lisomwe. Akimpata, aulize kosa analotuhumiwa, namba ya shauri na siku ya mahakama, ayaandike yote kwenye karatasi na kuitunza. Karatasi hiyo itamwokoa siku mahabusu atakapohamishwa.

Pili, familia igawane zamu kama sisi tunavyogawana lindo. Desturi yetu ni kwamba juma la kwanza ukoo mzima hujaa langoni, na mwezi wa sita haji mtu. Mfungwa huhesabu siku. Afadhali sahani moja kila Jumapili kwa miaka mitatu kuliko karamu ya siku moja. Mtu mmoja katika nyumba na awe na daftari la zamu hizo, ili mzigo usimwangukie mke au mama peke yake.

Tatu, jamaa amwambie mfungwa ukweli. Msiba usifichwe, ugonjwa usifichwe, wala shule ya watoto isifichwe. Aliye ndani hutambua anapodanganywa, na akidanganywa mara moja hataamini tena hata habari njema. Lakini ugomvi mdogo mdogo wa nyumbani, ambao hawezi kuutengeneza akiwa humo, si lazima upelekwe gerezani.

Nne, jamaa aandike barua. Wengi hudhani barua ni kitu cha waliosoma. Barua ya mistari mitano iliyoandikwa na mtoto wa darasa la nne, ikieleza kwamba mbuzi amezaa na paa limetengenezwa, hukaa chini ya kichwa cha mfungwa mwaka mzima. Habari za shauri zisiandikwe humo, maana barua itasomwa. Hizo ziachiwe wakili au siku ya mahakama.

Tano, asiingize kitu kilichokatazwa. Simu, pombe, bangi au wembe ndani ya chakula humletea mfungwa adhabu, na huwafungia mlango akina mama wengine kumi waliokuja na chakula safi.

Sita, siku ya mahakama jamaa wawepo. Hakimu anayefikiria dhamana hutaka kumwona mtu atakayesimama kuwa mdhamini. Na pale ambapo kifungo kimetokana na deni au fidia ya kimila, wazee wakae mapema na upande wa pili, maana pako mahali ambapo mtu hubaki ndani kwa sababu tu fidia haijalipwa. Lakini jamaa wajihadhari na matapeli wanaozungukazunguka langoni wakidai kwamba wanamjua mkubwa fulani na kwamba watamtoa mtu kwa malipo. Fedha hiyo ni chakula cha miezi miwili.

ASKARI MWENYE NDUGU GEREZANI

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu kuliko yote lije mwisho. Wapo miongoni mwetu ambao ndugu, mtoto au mzazi wao yuko ndani, nao hawaendi kumtazama. Wanaona haya. Wanaogopa kwamba watasemwa kambini, au kwamba mkubwa atadhani wanashiriki kosa. Basi humtuma mke na sahani, wao wakajifanya wako kazini.

Nawaambia ndugu zangu hao: nenda. Nenda siku ya wageni, usimame katika foleni pamoja na wengine, uvae nguo za kiraia. Usiitumie bunduki yako wala nyota ya begani kumtoa mtu wako, kwa kuwa hilo ni kosa, na litampa mwanao funzo baya kuliko lile alilolipata. Lakini kumtembelea si kosa. Mtoto aliyefungwa ambaye baba yake askari amekuja na kuketi naye dakika kumi, akamwambia, "Umekosa, nami ningali baba yako," siku akitoka ana mahali pa kurudi. Yule asiyetembelewa na mtu hujifunza kuwa jamaa na wezi waliomo humo. Siku atakapotoka atarudi kwao, nasi ndio tutakaotumwa usiku kwenda kumkamata tena.

Tena, askari aliyesimama mara moja katika foleni ile, akangoja jua kali kwa saa tatu, akaambiwa "rudi kesho", hawezi kurudi kazini akawa mtu yule yule. Atalifunua daftari.

Kabla sijaweka kalamu chini, nirudi kidogo katika kituo kile tulichokwenda na jirani yangu wa Lemon Gaba. Kijana aliletwa mbele ya meza. Mama hakulia wala hakumgombeza. Alifungua kitambaa, akamwambia, "Kula, imepoa." Koplo wa zamu aligeuza uso akaangalia dirishani mpaka kijana alipomaliza. Kisha akamwuliza mama tena jina la nyumbani la mwanawe, akachukua kalamu, na kando ya jina lililokuwa katika daftari akaliandika na hilo la pili. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni.

Ndugu askari, wewe unayeshika zamu usiku wa leo, uandike majina yote mawili. Na kesho asubuhi mama akija na sufuria yake, usimngojee afisa wa kukupigisha saluti. Funua daftari, umwambie aliko mwanawe.